Matanga ya Mzee Chitanda

Gari la matangazo lilipita stendi ya Masasi saa nne asubuhi, na katika watu wote waliolisikia ni Awadhi peke yake aliyeiacha chapati yake ikapoa. Tamasha la Historia Yetu linakuja, lilisema. Kila kata imtaje shujaa wake wa zamani. Shujaa atajengewa mnara, na mrithi wake atakabidhiwa guta jipya, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Wengine walisikia historia. Awadhi alisikia guta.

Tumtendee haki mtoto wa watu. Awadhi hakuwa mwizi. Wizi unataka mbio, naye alikuwa na kitambi. Alikuwa mtu wa maneno. Alizaliwa Masasi, akakulia Dar es Salaam, akarudi na suti moja na mdomo uliowahi kuwauzia wakulima wa korosho majivu ya kuni kama dawa ya ugonjwa wa ubwiriunga kutoka Uturuki. Tangu msimu ule, kijiji cha Chiwata alikoyauzia hapiti. Guta lingempa kazi halali ya kwanza maishani mwake, na hilo alilitaka kwa dhati kabisa, mradi lipatikane kwa uongo.

Akapanda Newala hadi kijiji kimoja cha kata ya Makote, alikosikia kwamba hakuna shujaa. Bonifasi, mwenyekiti wa kijiji, alikiri kwa aibu: wazee wao walilima mihogo, wakazeeka, wakafa. Awadhi akamweleza kwamba kijiji chenye mnara huchongewa barabara ili wageni rasmi wafike. Bonifasi alifikiri kidogo, akaanza kukumbuka kwamba huenda shujaa alikuwepo.

Ndivyo alivyozaliwa Mzee Chitanda, akiwa tayari marehemu. Kwa simulizi ya Awadhi, askari wa Mjerumani walipopanda huku kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde walimkamata awaoneshe maji. Yeye akawazungusha porini siku nne, kila jioni akiwaambia maji yako hapo mbele tu, hadi wakarudi walikotoka midomo imepasuka. Hadithi iliwaingia watu wa Makote barabara, maana kwao maji hata leo ni safari. Kaburi nalo lilipatikana: kichuguu cha zamani pembeni mwa shamba la mihogo, ambacho Awadhi alikisawazisha na kukizungushia mawe.

Shamba lilikuwa la Bibi Severina, Mmakua aliyeolewa Makote miaka arobaini iliyopita, na miaka yote hiyo alipalilia kando ya kichuguu kile. Awadhi alimkuta ameegemea jembe, anayatazama mawe.

"Shikamoo, bibi. Hapa amelala babu yangu."

"Marahaba. Babu mzaa mama?"

"Mzaa mama."

Bibi akamwita Bonifasi aje karibu, akauliza tena, na Awadhi akaapa tena. Kisha akataka kujua kama matanga ya marehemu yalishaanuliwa. Swali hilo Awadhi hakulitarajia, lakini mtu wa maneno hakosi jibu la kutia huruma.

"Hayakuanuliwa, bibi. Ilikuwa vita, watu wakatawanyika. Tutayaanua siku ya mnara."

Bibi Severina akampa pole ndefu, akaahidi kuja siku hiyo na wenzake. Awadhi alishukuru sana. Alidhani wanakuja kulia.

Siku ikafika. Mgeni rasmi akaufunua mnara, ngoma zikalia, na Awadhi akatoa machozi ya heshima, akisaidiwa na kitunguu alichokifunga kwenye leso. Akakabidhiwa guta, jekundu, viti vingali na nailoni. Alikuwa bado ameshika ufunguo hewani ili apigwe picha pale walipoingia wanawake sita wa Kimakua, nyuso zimepakwa unga, Bibi Severina mbele amevaa sufuria kichwani kama kofia ya askari.

Huko mjini Awadhi aliujua utani wa makabila kama maneno ya redioni: Mmakua anamcheka Mmakonde, Mmakonde anajibu, kipindi kinaisha. Hakujua kwamba huku uwandani utani una mikono. Wanawake walizunguka kaburi wakihema na kutoa ndimi nje, na mmoja aliyejifanya marehemu akawa anawaambia maji yako hapo mbele tu. Hata mgeni rasmi alishika mbavu. Katikati ya kicheko hicho Bibi Severina aliuchukua ufunguo mkononi mwa Awadhi, akapanda nyuma ya guta na wenzake, akampa ufunguo binti yake Dorika, aliyekwisha kukaa kwenye usukani.

Awadhi alicheka kidogo, akasema sasa yatosha. Bonifasi akamnong'oneza kwa upole kwamba alichochukua mtani siku ya kuanua matanga hakirudishwi, wala mfiwa hakasiriki. Mgeni rasmi alitikisa kichwa kukubali. Hata kwao ni hivyo hivyo.

"Ila kama marehemu si babu yako," Bibi Severina akasema kwa sauti ya kufika mbali, "sema tu hapa, mgeni rasmi asikie. Kama si babu yako huna msiba, na mimi nitashuka."

Awadhi aliutazama mnara wenye jina alilolitunga mwenyewe. Aliwatazama polisi wawili waliosimama nyuma ya mgeni rasmi.

"Ni babu yangu," akasema, na safari hii alilia bila kitunguu.

Jioni alishika njia ya kurudi Newala mjini kwa miguu, suti begani, vumbi hadi magotini. Ile barabara ya kuchongwa bado ilikuwa ahadi. Guta likamkuta njiani limepakia madumu ishirini ya maji, Bibi Severina amekaa juu yake kwa raha ya mtu ambaye kichwa chake kimepumzika kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Awadhi akapunga mkono, akauliza kama stendi bado ni mbali.

"Hapo mbele tu, mjukuu wangu," akajibu bibi, na Dorika akaongeza mafuta.

Awadhi alibaki amesimama vumbini. Kwa mara ya kwanza aliwahurumia wale askari wa Mjerumani.