Chatu Wawili kwenye Ua wa Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Septemba
Nimekuwa mfugaji! Fundi mgeni aliyepanga kwa jirani yangu Rafique amehama, ameniachia chatu wawili wachanga, wa aina ile inayojikunja kama mpira ikiogopa. Rafique aliwakataa. Mwoga! Mpango wangu: maharusi wote wa mji wetu wa Mocímboa watawavaa shingoni wapigwe picha. Tatizo ni mama mkwe, Bi Laila. Tunaishi kwenye ua wake. Amemwambia mke wangu Zuleica kwamba siku atakapomwona nyoka hata mmoja, mimi ndiye nitakayehama.

Jumanne, 10 Septemba
Nimewajengea jumba. Banda la zamani la kuku, wavu pande zote, hewa tele. Ningelala humo mwenyewe! Wao wamejikunja pembeni, panya niliyewapa hawakumgusa. Professora Judite, mwalimu wa biolojia, amepita, akacheka. Amesema wachanga huogopa uwazi. Wanataka padogo, giza, joto upande mmoja, maji, na kifuniko kinachobana. Nikamjibu kwamba hayo nayajua. Nilikuwa siyajui.

Alhamisi, 12 Septemba
Nimepata! Lile bakuli kubwa la plastiki ambalo Bi Laila alituletea bokoboko. Kifuniko kinabana hasa. Nimekitoboa kwa msumari wa moto. Ndani nimeweka vifuu vya nazi vya kujifichia na kikombe cha maji. Ubavuni, chupa ya maji moto. Juu, kitambaa safi cha kapulana cha mke wangu, macho ya watu yasifike. Wamekula! Nimetokwa na machozi ya furaha. Zuleica ameuliza bakuli la mama liko wapi. Nimesema naliosha.

Jumapili, 15 Septemba
Maulidi. Nimetoka kutandika mikeka, bakuli halipo! Zuleica akanieleza huku anatabasamu. Mama alitaka vyombo vya wageni. Zuleica akaliona bakuli chini ya kapulana, akalinyanyua, zito. Akadhani kwamba mumewe, kwa mara ya kwanza tangu ndoa, amekumbuka kutorudisha chombo cha watu kitupu. Akalipeleka kwa fahari. Maskini mke wangu! Nilikimbia, sikuwahi. Bi Laila alikuwa anawaambia wanawake wote kwamba mkwe wake siku hizi ana adabu, mkono uko kwenye kifuniko. Akafunua.

Wageni waliondoka na viatu visivyo vyao.

Jumatatu, 16 Septemba
Hukumu imetoka. Chatu wamefungiwa chumbani mwetu. Ufunguo anao Professora Judite, mimi nimekatazwa kuwasogelea. Wana giza, joto, maji na mlango unaobana. Zuleica analala kwa mama yake, hasemi nami. Naumia. Mimi nimepewa banda la kuku. Wavu pande zote, hewa tele. Nimejikunja pembeni, chakula sikukigusa.

Jioni Rafique amenichungulia, akasema kuna mtu huko Namoto, mpakani, anagawa kenge mchanga. Nimekubali papo hapo. Kosa langu nimeshaliona: bakuli lilikuwa dogo. Bi Laila ana pipa la maji, na kifuniko chake kinabana vizuri sana.