Mashine ya Yaya Osée na Shimo la Choo

Jumatatu, 2 Juni

Imefika! Mashine ya kutafuta vyuma ardhini, zawadi ya yaya Osée, kaka yangu aliyeko Liège. Imekuja imefungwa ndani ya blanketi. Ina mkono mrefu, sahani kwa chini, na vidude vya kusikilizia vya kuvaa masikioni. Nimevaa. Nimejitazama kwenye kioo. Mtu wa heshima kabisa.

Yaya ametuma sauti ndefu kwenye simu. Anasema huko kwao wazee hufanya hivi kwa starehe tu. Unaomba ruhusa kwa mwenye ardhi, unatembea polepole, unafukia kila shimo ulilochimba. Usitegemee dhahabu. Furahia matembezi, furahia hata kizibo cha chupa. Anayekwenda na tamaa hurudi na hasira. Maneno ya hekima! Nimeyakubali yote. Sitegemei kitu. Labda kiasi cha kununua gari. La mkono wa pili, mimi si mtu wa tamaa.

Maana hesabu ni rahisi. Dhahabu ya migodi ya Kilo imekuwa ikipita Bunia tangu wakati wa Wabelgiji. Mtu yeyote aliyewahi kubeba unga begani anajua kwamba njiani kitu hudondoka.

Régine, mke wangu, hata hakuitazama mashine. Aliulizia shimo. Choo chetu kilibomoka kwa mvua za mwezi wa tano, na tangu hapo tunakwenda kwa jirani Gaspard, ambaye kila mara anatoa ufunguo kama mtu anayetoa damu. Ijumaa mama yake Régine, Mama Bibiane, anafika kutoka Mahagi kwa komunyo ya kwanza ya binti yetu Grâce. Régine amesema kwa sauti ya chini, ile mbaya: mama akikuta hakuna choo, yeye, mama na Grâce watarudi Mahagi wote watatu. Nimemwambia shimo ni kesho.

Jumanne, 3 Juni

Shimo bado. Lazima kwanza kupima mahali. Je, kama tutamwaga uchafu juu ya utajiri?

Nimepata misumari, kopo la sardini, kijiko kisicho na mkono, na misumari. Kila nyumba iliyowahi kusimama hapa iliacha misumari yake, na katika parsele hii, kiwanja chetu, zimesimama na kuanguka nyingi. Nimejaribu kukifurahia kijiko kama alivyofundisha yaya. Nimekifurahia kidogo. Kuhusu kufukia, nitafukia yote pamoja baadaye. Maharage ya Régine yamepata hasara, lakini maharage huota tena.

Gaspard amechungulia juu ya ua. Kauliza kwa nini nachimba mashimo madogo mengi wakati mke wangu anataka moja kubwa. Wivu!

Jumatano, 4 Juni

Ajabu ya leo. Nimetoka na mashine hadi njia ya nyuma, polepole, masikio yamefunikwa. Njia ikawa tupu! Motari mmoja aligeuza pikipiki na abiria wake akiwa bado anapanda. Mama Débora, muuza mikate ya mafuta, alibeba karai na watoto akakimbia. Nilifikiri ni heshima.

Kisha akaja chefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, papa Adolphe. Alisimama mbali kabisa, mikono mdomoni, akauliza kwa kelele bomu liko upande gani. Nikaelewa. Hapa Bunia watu waliowahi kuonekana wakitembea na mashine kama hii ni wale watega... la, wateguaji wa mabomu. Nani mwingine atembee hivyo kwa starehe?

Nilifungua mdomo ili nikatae. Hapo Mama Débora akajitokeza na kuku mkononi, akinisihi nipite kwake, watoto wanachezea pale. Nilifunga mdomo. Yaya amesema niombe ruhusa kwa mwenye ardhi. Sasa wenye ardhi wananiomba mimi. Na kuku ni kuku.

Alhamisi, 5 Juni

Nimevaa tai. Wananiita mlango hadi mlango. Napita, natikisa kichwa kwa uzito, nasema safi. Wanapumua, wananipa mayai, nanasi, kuku mwingine. Dhahabu bado, lakini ninaanza kuelewa starehe ya wazee wa Liège. Ni kazi nzuri sana ikiwa wengine ndio wanaogopa.

Gaspard peke yake alikataa. Mbele ya watu wote! Alisema ananiona tangu Jumanne, natafuta dhahabu, na afadhali nichimbe choo kuliko kuvaa tai. Watu wakacheka. Hata Mama Débora, ambaye kuku wake nilikuwa nimemkubali kwa moyo safi.

Nikapita kando ya ua wake. Mashine ikalia. Msumari, bila shaka. Sikusema uongo. Nilitazama chini, nikavuta pumzi, nikatikisa kichwa upande ule mwingine. Basi. Papa Adolphe alifunga kitambaa chekundu mlangoni kwa Gaspard, na Gaspard akaondolewa na familia yake kwenda kwa shemeji yake, akinitazama kwa jicho baya. Siku tamu kuliko zote!

Jioni Régine aliuliza neno moja tu: sasa sisi tutajisaidia wapi? Upande huo sikuwa nimeutazama.

Ijumaa, 6 Juni

Shimo limeanza! Mapema, pamoja na Kamate, mchimbaji hodari. Tulipofika magotini alisikia habari za kitambaa chekundu cha ng'ambo ya ua. Akapanda juu. Nilimnong'oneza kwamba hakuna bomu lolote. Alijibu kwamba wenye mashine husema hivyo siku zote ili kazi iendelee. Akaenda na koleo lake, ambalo ndilo lilikuwa zuri.

Mama Bibiane alifika mchana, vumbi la Mahagi hadi kwenye nyusi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na neno choo halipiti kati yao hata ndotoni. Akaketi. Akanywa chai. Akaongezewa chai. Macho yake yakaanza kuzunguka parsele. Yeye hawezi kuuliza, mimi siwezi kujibu. Alimnong'oneza Régine. Régine alinitazama mimi.

Mwishowe mama mkwe alisimama, akatangaza kwamba anakwenda kusalimia parokia. Parokia iko juu ya kilima. Kabla ya jua kushuka alikuwa ameisalimia mara tatu, na ya mwisho aliisalimia mbio. Nimeona aibu hadi mgongoni.

Jumamosi, 7 Juni

Régine ameniamuru nikaondoe kitambaa. Nilichimba mwenyewe pale pale kwa Gaspard, papa Adolphe na avenyu nzima wakiwa wamelala chini kwa usalama. Nikainua juu bawaba ya mlango, imeoza kwa kutu. Kisha wakasimama wote, wakiuliza kuku wao. Kuku wameliwa. Nimewaeleza kwamba angalau sasa wanajua viwanja vyao ni safi, jambo lenye thamani. Mama Débora alijibu kwa karai.

Gaspard amerudi. Ameweka kufuli la pili.

Régine amewachukua mama yake na Grâce, wamekwenda kwa Valérie, dada yake, mwenye choo cha sementi. Watapita hapa Jumanne asubuhi kabla ya kupanda gari la Mahagi. Wakikuta choo, Régine anabaki. Wakikuta maneno, anaendelea na safari. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Nyumba imekuwa kimya hadi nasikia mchwa. Ninaogopa, ninaandika wazi, ninaogopa. Nimeisukuma mashine chini ya kitanda.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Grâce alikuwa amevaa nyeupe, na maua kichwani. Nilisimama nyuma, karibu na mlango, kwa sababu mama mkwe alikuwa mbele. Grâce aligeuka kunitafuta, akanipungia mkono. Nililia. Nilimwambia aliyesimama kando yangu ni vumbi.

Kutoka misa nilivua tai, nikachimba. Mungu anajua dharura.

Jumatatu, 9 Juni

Shimo limepita kichwa changu! Zuri, wima, la kupendeza. Imebaki kuweka miti juu, kuta za mabati na mlango. Hata Gaspard alileta miti ya kufunikia. Alisema wazi ni kwa ajili ya Régine, si kwa ajili yangu. Kufika jioni nitakuwa nimemaliza. Nimekuwa mtu mwingine.

Ila nimewaza. Huko Liège wazee wanapima juu juu tu. Ni nani kati yao aliyewahi kupata shimo refu namna hii? Kulifunika bila kulipima ni kumkosea yaya. Kwa starehe tu. Sitegemei kitu.

Nimeteremka na mashine. Chini kimya. Ukuta wa kulia kimya. Ukuta wa kushoto, upande wa Gaspard, makelele! Si msumari huu. Sauti pana, ya duara, ndefu kutoka juu hadi chini. Masikio yangu bado yanawaka.

Gaspard amesikia. Amekuja mbio kwenye ua, akipiga kelele: "Aristide, acha! Ile iko mapipa ya choo yangu! Mapipa ya chuma, nilipanga mpaka chini! Weye utatuua!" Nimefikiri sana juu ya maneno yake. Mtu aliyekalia dhahabu angesema nini kingine?

Régine atapita asubuhi. Mlango wa bati utamfanya abaki, ndiyo, lakini gari litamfanya acheke. Miti inaweza kungoja kidogo. Nimeanza kuchimba kwa pembeni, kushoto. Udongo umekuwa laini, wenye majimaji, unatoka wenyewe. Harufu nayo imebadilika. Dalili njema, nipo karibu sana.