Siwezi Kulalamika

Jumatatu, 4 Machi

Balaa! Barua ya ofisi ya posho imefika. Alhamisi anakuja mtu kunipima upya, hapa hapa kwangu Halifax, Uingereza, aone kama baridi yabisi yangu bado inastahili posho ya ulemavu. Bado! Kana kwamba ilikwenda likizo. Vidole vimepinda, chupa ya jemu hunishinda, hata kalamu hii nimeizungushia sponji ndipo nikaweza kuishika. Ndiyo maana naandika kwa ufupi.

Kibaya zaidi, Horace Pickup wa klabu ya matufe, ule mchezo wa kuviringisha matufe kwenye majani, amepewa msamaha. Hatapimwa tena maishani! Na jana tu kacheza raundi tatu! Kaniambia eti mimi sina sura ya mgonjwa, nina sura ya mtu aliyeachwa na basi. Lazima na mimi nipate msamaha huo. Posho ikikatwa, gari tunalokodi kwa posho hiyo linarudi kwa wenyewe, na mimi kilima hiki sikipandi kwa miguu.

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu, Doreen, anasema niseme ukweli tu, unatosha. Ukweli! Ukweli kila mtu anao. Nimeazima magongo kwa Horace. Nimefanya mazoezi ya kuguna mbele ya kioo. Mguno wa tatu, mbwa wetu alikimbilia chini ya kochi. Huo ndio nitakaoutumia.

Jumatano, 6 Machi

Jamani, magongo hushikwa kwa vidole! Hilo sikuliwaza. Nimeanguka juu ya meza ya chai na kuvunja birika la marehemu mama mkwe. Doreen hakupiga kelele. Aliokota vigae, akasema mvua itanyesha. Nimeogopa sana.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu! Muuguzi aliyekuja kunipima, Bi Oakroyd, aliniuliza mlangoni u hali gani. Mdomo ukajibu wenyewe: “Siwezi kulalamika.” Loo! Miaka sitini na mbili najibu hivyo, hata siku ile nimelala chini ya ngazi na mguu umevunjika. Huku kwetu ukijibu vingine watu hudhani umelewa. Akaandika. Akaulizia usingizi. Nikasema si haba. Akaandika tena! Nikaguna ule mguno wangu, akauliza kama mbwa anataka kutoka nje. Alipofika kwenye maumivu, nikamuuliza kama anaweka sukari kwenye chai.

Hapo Doreen akaweka kikombe chini. Akamwambia kuwa yeye ndiye hunifunga vifungo vya shati, hunikatia nyama, hunisugua mgongo. Akamwambia kuwa asubuhi nyingine mimi hulia bafuni, nikifungulia maji ya bomba ili asisikie.

Sijawahi kushtuka hivi. Kumbe husikia! Nilitamani ardhi ipasuke. Bi Oakroyd akafuta kitu, akaandika ukurasa mzima.

Alhamisi, 21 Machi

Nimepata! Msamaha! Sitapimwa tena! Nilikwenda moja kwa moja klabuni nikampepea Horace barua puani. Akaisoma mpaka mwisho, kitu ambacho mimi sikufanya. Kisha akanionyesha mstari. Nimesamehewa kwa sababu hali yangu haitarajiwi kupata nafuu. Akasema na yake imeandikwa vivyo hivyo, ndiyo maana hucheza raundi tatu, maadamu bado anaweza. Nilimnunulia bia.

Ijumaa, 22 Machi

Haitarajiwi! Nani kasema? Mimi naitarajia! Asubuhi nimeandika barua ya kukata rufaa. Nadai kupimwa upya, tena haraka. Doreen aliisoma akaketi. Akaniuliza kama nimepatwa na wazimu, maana watu nchi nzima wanalia wasipimwe. Nimemtuliza, nimemwambia nina mpango safi: safari hii nitampokea muuguzi nikiruka kamba. Akauliza kamba hiyo nitaishika kwa vidole vya nani.

Hilo nitaliwaza Jumatatu. Barua nimeshaiposti.