Notisi Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Fundi cherehani bado hajanilipa. Duka lake nimelipaka rangi ndani na nje, naye anapita kifua mbele! Leo nimepata dawa yake: fomu za notisi ya zuio. Mteja wake akipokea notisi, hela ya kushonewa haiendi kwa fundi, inakuja kwangu. Safi kabisa! Mke wangu kasoma nyuma ya fomu. Eti mdaiwa mwenyewe apewe nakala kwanza, zipite siku saba, la sivyo ni faini. Haiwezekani. Mimi na fundi cherehani hatusemezani tangu mwezi uliopita.

Jumanne, 4 Machi
Notisi kumi na mbili, milango kumi na miwili. Wa tisa alikuwa mama mkwe! Gauni lake la harusi ya shemeji liko kwa fundi huyo. Nikafumba macho, nikampa. Akaniuliza nina akili timamu kweli, baba. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba sheria haina mkwe.

Ijumaa, 7 Machi
Wateja wamegoma kulipa. Fundi kagoma kutoa nguo. Harusi ni kesho, na mama mkwe hana gauni. Mke wangu kahamia chumba cha watoto. Sirudi nyuma!

Ijumaa, 14 Machi
Mahakamani. Hakimu alitaka kujua kwa nini mdaiwa hakupewa nakala. Nikamweleza kwamba hatusemezani. Karani alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Notisi zote batili. Faini, pamoja na fidia ya biashara iliyolala, mara tatu ya deni langu. Nisipolipa ndani ya mwezi, ngazi zangu zinapigwa mnada. Bila ngazi mimi fundi rangi gani? Nusura nilie. Tena fundi cherehani akasema alipanga kunilipa Jumamosi ile ile, nguo za harusi zikishachukuliwa!

Jumatatu, 17 Machi
Mke wangu anashauri nikamwangukie fundi, nilipe kidogo kidogo, ngazi zipone. Nimwangukie vipi mtu nisiyemsalimia? Nina njia bora. Fomu imebaki moja. Na yule karani, nimekumbuka, geti lake nililipaka mwaka juzi na hajamaliza kunilipa. Mshahara wake unatoka mahakamani. Basi kesho asubuhi notisi naipeleka moja kwa moja kwa hakimu. Karani mwenyewe simpi nakala. Alivyonicheka vile, hatusemezani.