Hotuba ya Kufungua Maabara ya Damu ya Watoto, Mukuru kwa Njenga

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ambaye hakuweza kufika, mwakilishi wake ambaye bado yuko njiani, machifu, manaibu wa machifu, wenyeviti wa kamati na makamu wao, wachungaji, maimamu, akina mama wa densi, na ninyi wananchi watukufu mliosimama juani: hamjambo? Hamjambo tena? (Makofi machache.)

Mimi, mwasisi, mratibu na mwenyekiti wa maisha wa Projekti ya Mzio wa Watoto, natamka kwamba kuanzia leo, mwaka huu wa tisini na nne, hakuna mtoto wa Mukuru atakayevimba mdomo bila sayansi kujua! Tone moja la damu, likishaingia katika mtambo wetu wa teknolojia ya kisasa, litafichua adui, awe maziwa, mayai, njugu au vumbi la viwanda, kwa kupima zile kinga za mwili ziitwazo IgE, ambazo mimi binafsi nilizisomea kwenye semina ya hoteli. (Kicheko.) Asilimia mia na kumi ya watoto watapimwa, na hata watu wa Buruburu, wenye nyumba za mawe, watakuja kupiga foleni hapa kwetu! (Vigelegele.)

Naona mkono. Sema, mama.

("Naitwa Mbinya. Huyu ni mtoto wangu, Muoki. Akionja njugu anavimba macho, anakoroma kama anayekabwa. Juzi nilidhani nimempoteza. Naomba apimwe leo, mzee.")

Safi kabisa! Mama, mtoto wako ameingizwa katika awamu ya pili ya utekelezaji. Kwa sasa, kamati, mpeni kikombe cha uji wa lishe, na mpiga picha asogee. (Mbinya anaunusa uji, anausukuma. "Huu una njugu! Mnataka kuniulia mtoto?" Minong'ono.) Mama, uji huo umeidhinishwa! Mbona unaondoka? ("Naenda kutafuta hospitali ya kweli, hata kwa miguu." Wanawake kadhaa wanamfuata.) Waacheni. Wengine wana mzio wa maendeleo! (Sauti ya kijana: "Mzee, maliza!")

Damu safi! Taifa safi! (Mtu anakohoa.)

Mwisho, shukrani. Nyamai wa bucha, asante kwa koti jeupe la daktari, na kwa kukubali kuwa daktari. Mwalimu wa sayansi, hadubini yako itafika darasani kabla ya kipindi cha mchana. Nawe Bwana Maingi, Mungu akubariki kwa kutuazima ghala: tukishang'oa kibao cha maabara, rudisha mahindi yako ndani.