Kidole Gumba Changu, Mto na Ukubwa wa Ulimwengu

Nyangwe, Jumatatu, 2 Juni 2025

Siku njema. Redio imeeleza jinsi wanasayansi wanavyopima ulimwengu. Nyota ya karibu huitazama Januari, kisha Julai, dunia ikiwa upande wa pili wa jua. Ikionekana kusogea kidogo tu, iko mbali. Kwa mbali zaidi hutafuta nyota ambazo nguvu ya mwanga wake inajulikana, wakaangalia imefifia kiasi gani. Nimeelewa yote! Karibu yote.

Mimi ndiye rais wa klabu ya wasikilizaji, na redio ya klabu hulala kwa rais, juu ya kabati langu. Lakini uchaguzi ni Jumapili, na Mwalimu Jean-Baptiste anaitaka. Redio, si klabu. Anasema nasikiliza bila kuelewa. Atanijua! Jumamosi nitapima mto mbele ya wanachama wote, kwa kidole gumba.

Jumatano, 4 Juni

Mazoezi. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, kisha lingine. Kidole kinaruka. Kadiria kimeruka urefu gani kule mbali, zidisha kwa kumi, huo ndio umbali. Nilianza na meza ya Falonne, muuza mandazi. Fumba, fumbua, fumba. Mumewe akaja kuuliza namkonyezea nini mke wake. Nikamweleza habari za nyota. Hakuridhika.

Nyumbani mke wangu Albertine akauliza kama hii jicho iko na mavumbi ao iko na Falonne. Chakula kilichelewa. Lakini kilikuwa sombe, majani ya mihogo, nikawasamehe wote.

Jumamosi, 7 Juni

Kiangazi kimeanza, fungu la mchanga limejitokeza katikati ya mto. Pale palikuwa na mtumbwi wa mvuvi Kitenge. Naujua, mita kumi na mbili. Kidole kiliruka mitumbwi sita. Nikatangaza mita mia saba na ishirini! Makofi. Hata Jean-Baptiste aliandika.

Kisha mtumbwi ukavuka kuja kwetu, ndani yake Mama Séraphine na kikapu kimoja cha mihogo. Haukuwa wa Kitenge. Ulikuwa wake, mita nne, basi. Jean-Baptiste akauliza kwa upole mto umepungua lini. Nikajibu kwamba hata wanasayansi waliwahi kudhani nyota za aina mbili ni za aina moja, na walipogundua, ulimwengu ukawa mkubwa mara mbili. Walicheka mpaka Mama Séraphine akakaa chini. Niliumia, nakiri.

Jumapili, 8 Juni

Kura kumi na nne kwake, moja kwangu. Ile moja mwandiko wake naujua, ni wangu. Redio imebebwa. Albertine ameshaweka sufuria mahali pake, anaimba.

Uchungu wa saa nzima. Kisha nikasoma tena sheria za klabu. Redio isikae zaidi ya mita mia mbili kutoka mahali pa mkutano! Nikakimbia pale, nikanyoosha mkono. Mlangoni kwa Jean-Baptiste amefungwa mbuzi. Mbuzi ana mita moja. Kidole kiliruka mbuzi ishirini na watano. Mita mia mbili na hamsini! Nina furaha isiyo kifani.

Albertine anasema ile iko mutoto ya mbuzi. Mbuzi ni mbuzi! Nimemwambia aondoe sufuria kabatini.