Barua ya Rukia na Siku Saba za Kampuni

Hassani, leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya bosi, mbele ya makuli na mbele ya mke wangu mwenyewe. Kaa kitako nikueleze, na kikombe cha chai kiweke mbali usije ukajimwagia.

Wajua kuwa Rukia amesusa. Hii ni wiki ya pili yuko kwao Shika Adabu, kule Likoni. Kosa langu lilikuwa dogo (hivyo ndivyo nilivyodhani). Siku tuliyotimiza miaka mitatu ya ndoa nilimpa barua tamu. Akaisoma, akaguna, akaenda kabatini akatoa ile ya mwaka jana. Akazilaza mezani ubavu kwa ubavu. Neno kwa neno, nukta kwa nukta! Tarehe tu ndiyo iliyobadilika.

"Bakari, mimi ni mke wako au ni faili?"

Nikamjibu, "Lakini maneno bado ni ya kweli." (Mwanamume mwenye akili angenyamaza.) Asubuhi yake akavuka feri na sanduku lake.

Tabia yangu unaijua tangu chuoni: sipendi kuandika kitu mara mbili. Hapa Magongo kampuni yetu inawatolea watu mizigo bandarini, na kompyuta zote ziko chini yangu. Kila barua inayotoka hupitia hatua zilezile: inatiwa tarehe, inatiwa maneno ya mwisho, inakwenda printa. Hatua hizo nimeziandika mara moja tu, katika faili moja nililoliita MWISHO. Ilani za wateja, hesabu za ghala, vikumbusho vya malipo, zote zinaliita faili hilo hilo. Ukibadilisha pale, umebadilisha kila mahali. Bosi alipoona hivyo mwaka juzi alinisifu mbele ya watu. Mimi nikavimba kichwa.

Basi leo saa mbili nikaamua kumwandikia Rukia. Barua mpya kabisa, Hassani, kutoka moyoni! Nilitoka jasho. Nilipofika mwisho nikakumbuka kwamba faili la MWISHO litalibandika lile onyo la kampuni kuhusu mizigo chini ya mapenzi yangu. Nikasema, tabu ya nini? Nikayafuta maneno ya kampuni, nikatia yangu: "Nisamehe, mpenzi wangu. Nyumba imepooza bila wewe. Chai naipika mwenyewe na haina ladha. Rudi." Niichapishe barua mara moja, kisha nirudishe ya zamani kutoka kwenye disketi. Dakika moja tu.

Dakika hiyo hiyo Mzee Abubakari, bosi wetu, akaniita kwake. Mzee huyu ni mjane tangu nimjue, na sijawahi kumwona akicheka. Alitaka nimtengenezee simu ya faksi. Karatasi ilikuwa imekwama ndani. Nikaivuta, ikachanika, nikafungua mashine, mambo yakawa mambo. Nikapitisha saa nzima pale.

Huku nje, Bi Zuhura, karani wetu, anachapa ilani sita za wateja ambao mizigo yao imelala ghalani. Bi Zuhura hasomi anachochapa. Anakunja, anagonga muhuri wenye sahihi ya bosi, anatia kwenye bahasha. Kitsao, dereva wetu, akazichukua na kuzigawa kwa mkono Changamwe nzima.

Saa nne simu ikalia. Ni bwana mmoja mwenye duka la vyuma.

"Bakari, hii barua ni ya kampuni?"

"Ni yetu, bwana. Mzigo wako umekaa sana."

"Mzigo najua. Huyu mpenzi ni nani? Bahasha ameifungua mke wangu!"

Nikaweka simu chini. Nikanyakua nakala mezani kwa Bi Zuhura. Mstari wa kwanza: tunakujulisha kwamba makontena yako mawili yamewasili. Mstari wa mwisho: chai naipika mwenyewe na haina ladha. Rudi. Chini yake, kwa wino wa buluu, sahihi ya Mzee Abubakari.

Simu haikunyamaza tena. Mmoja aliuliza kama mzee ni mgonjwa. Mwingine alisema atakuja na halua ya posa. Wa mwisho alikuwa Bi Amina, mama mtu mzima anayeuza mitumba. Yeye alimtaka bosi mwenyewe. Nilisimama pale nimeshika mkono wa simu wa pili (ndiyo, nilisikiliza, ungefanya nini?).

"Abubakari, tangu nifiwe na mume hapana mtu aliyenambia maneno kama haya. Najua ni makosa. Lakini barua siirudishi."

Nikasikia mzee akivuta kiti. "Haya, Amina," akasema taratibu, akakata.

Kisha akaniita. Nikaeleza kila kitu, kuanzia barua mbili zilizofanana hadi faili. Nilidhani ananifukuza kazi. Akasema, "Rudisha maneno ya kampuni. Kisha waandikie wateja kuomba radhi."

"Wote sita, mzee?"

"Watano watosha."

Nikakimbilia kompyuta. Nikatia disketi, nikarudisha faili la zamani, nikaandika barua tano za kuomba radhi. Nje Kitsao anapiga honi: anakwenda Likoni kupeleka hati, na hii ndiyo nafasi yangu ya kumfikia Rukia leo. Nikaita barua yake, nikachapa, nikaikunja ikiwa bado ina joto, nikaitia kwenye bahasha, nikampa Kitsao. Sikuisoma. (Nilimcheka Bi Zuhura asubuhi kwa kosa hilo hilo.)

Alasiri nimekaa nakuna kichwa, nikaona buibui mlangoni, na Kitsao nyuma yake. Rukia! Moyo ukanipasuka kwa furaha. Makuli wakaacha mizigo, wakajaa dirishani.

"Shikamoo, mzee," akamwamkia bosi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akanigeukia. Akatoa barua, akaisoma kwa sauti, mbele ya wote. Ule ukurasa wa moyo wangu wote, Hassani! Jinsi ninavyoukunja mtandio wake aliousahau. Jinsi ninavyolala upande wangu wa kitanda na kuuacha wake wazi. Masikio yanawaka moto. Kisha akafika chini, akapunguza mwendo:

"'Mzigo wako usipochukuliwa ndani ya siku saba, utahesabiwa umetelekezwa, na kampuni haitawajibika kwa uharibifu wowote.'"

Dirishani mtu akaangusha kicheko. Bi Zuhura akajifunika uso kwa daftari.

"Siku saba, Bakari?"

"Wallahi Rukia, si mimi. Ni mashine. Niliandika maneno mengine, yangu mwenyewe."

"Yako wapi?"

Nikaigeukia mashine. Kwenye kompyuta nilikuwa nimeshayafuta. Hapo Mzee Abubakari akakohoa. Akavuta droo, akatoa ilani iliyorudishwa na yule bwana wa vyuma.

"Mwanangu, maneno yake haya hapa. Yamezunguka Changamwe yote leo, kwako tu ndiko hayakufika."

Rukia akaisoma kimya. Akairudia. Nikamwona akibana midomo, na macho yake yakawa na maji.

"Hii nayo ya mashine," akasema. "Nambie kwa kinywa chako."

Hapo hapo? Mbele ya makuli? Mbele ya Kitsao, atakayelifikisha jambo hili hadi Shanzu kabla ya magharibi? Nikatazama chini. Nikamtazama yeye. Wiki mbili, Hassani, sijauona uso ule.

"Nisamehe," nikasema. "Nyumba imepooza. Nakupenda. Na... chai yangu mbaya."

Makuli wakapiga makofi. Nilitamani nizame kwenye saruji. Rukia akajifuta macho kwa pembe ya buibui, akamgeukia Bi Zuhura.

"Dada, nimekuja kuchukua mzigo wangu. Siku saba sina haja nazo."

Bi Zuhura hakutabasamu hata kidogo. Akafungua daftari la kutolea mizigo, akamsukumia na kalamu, kama afanyavyo kwa mteja yeyote. Rukia akaandika jina langu, akatia sahihi yake, akasita kwenye safu ya hali ya mzigo. Nikachungulia begani kwake. Aliandika: "Umeharibika kidogo. Umepokelewa."

Mzee Abubakari akacheka. Nasema kweli, alicheka! Kisha akatupa ruhusa twende nyumbani mapema, na yeye akaufunga mlango wake, nikasikia anazungusha namba ya simu.

Sasa Rukia yuko jikoni, chai inanukia iliki. Nimeahidi kwamba toka leo kila barua nitaiandika upya, kwa mkono. Usicheke, na hii usimwonyeshe mtu, nimekuandikia wewe peke yako. (Juma na Mwatela, wenzetu wa chuoni, wamepata hii hii, nimebadilisha jina tu. Rukia asijue.)